Sifuri za Ndahani

Wiki iliyopita mlinialika nije kuzungumza nanyi, ninyi mliopokewa kazi ya hali ya hewa mwaka huu, na binti mmoja wa mstari wa mbele, Rehema, akaniuliza swali lililonishinda. Mwalimu wenu alikuwa ametoka kuwafundisha jinsi joto la dunia linavyogeuza nguvu za dhoruba za latitudo za kati, yaani zile za nchi za baridi zilizo kati ya tropiki na ncha za dunia. Rehema akainua mkono, akasema, "Shikamoo, Bibi. Hizo dhoruba za Ulaya zinatuhusu nini sisi wa Dodoma?"

Niliitikia marahaba, nikajibu kwa maneno ya kitabuni, nikaona macho yanaanza kusinzia. Chai ilipoletwa mlifurahi kupita kiasi, na sikuwalaumu. Lakini nimekaa nyumbani siku nne, swali linanizunguka, na sasa nimeamua kuwaandikia. Sitafuata mpangilio wa miaka. Mstaafu ana ruhusa ya kuanzia anapotaka.

Nianze na hizo dhoruba zenyewe, asije mtu akasema Bi Mwanaidi alikimbia swali. Asubuhi ya Julai hapa Dodoma, ukiwasha jiko ndani kisha ukafungua mlango, utasikia baridi inakupita miguuni kuingia ndani, na joto linatoka nje juu ya kichwa chako. Kadiri nje kulivyo na baridi na ndani kulivyo na joto, ndivyo huo upepo unavyozidi. Dhoruba kubwa za nchi za baridi huishi kwa tofauti kama hiyo: upande wa tropiki kuna joto, upande wa ncha kuna baridi, na hewa inahangaika kusawazisha. Sasa dunia inapata joto, na ncha ya kaskazini inapata joto haraka kuliko kwingine. Tofauti ya karibu na ardhi inapungua, na katika majira yao ya joto zile dhoruba pana zinapungukiwa nguvu. Mtu akisikia hivyo atashangilia, lakini asubiri kwanza. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvuke huo ni nguvu iliyowekwa akiba. Dhoruba pana isipoitumia, inaweza kutoka kwa radi na ngurumo, mahali padogo, kwa muda mfupi. Majira yao ya baridi yana hadithi nyingine, na wataalamu hawajamaliza kubishana, kwa hiyo nanyi msiwe wepesi kukata shauri.

Hapa kwetu hatuna huo ugomvi wa baridi na joto. Mvua zetu tangu zamani ni za jua la kuchoma na mvuke unaopanda. Kwa hiyo, Rehema, wenzetu wanaanza kuonja mvua za ghafla tunazozijua sisi, na sisi tunaletewa zilezile zikiwa zimeongezwa ukali. Hivyo ndivyo nilivyopaswa kukujibu. Hata hivyo lingekuwa jibu nusu, maana nusu nyingine nilifundishwa na mkulima wa upande wa Mlali, na imechanganyika na aibu yangu.

Mtu aliyenipokea kazini alikuwa Mzee Hamisi, Mrangi mwenzangu wa Kondoa, mkali, mwenye kanzu nyeupe ambayo sikuwahi kuiona ina doa hata msimu wa vumbi. Siku ya kwanza alinipeleka kwenye kipima mvua, akamimina maji kwenye bilauri ya kupimia, akaniambia nisome. Nilisoma nikiwa nimesimama. Akayamwaga maji yote, akamimina mengine, akaniambia nisome tena. Mara ya tatu nikaelewa kwamba natakiwa kuinama hadi jicho lilingane na maji. Mgongo huu unaoniuma leo ni wa bilauri ile, na mkipata mashine za kujisomea zenyewe mshukuru Mungu, ila mjue bado kuna mahali pa kuinama.

Alinifundisha pia kuchungulia ndani kabla ya kumimina. Nilisahau mara moja. Nikatangaza mvua ya kutosha kabisa asubuhi ambayo hata paa la jirani halikulowa kiasi hicho, na ofisi nzima ikashangaa, hadi Mzee Hamisi alipoenda kuangalia na kurudi na chura kiganjani. Chura mdogo alikuwa ameingia kwenye chupa, nikammimina kwenye bilauri pamoja na maji ya tope bila kumwona, na mwili wake umepandisha maji. Kwa mwezi mzima kila nilipoleta usomaji niliulizwa kama nimeshamwondoa. Kicheko kile kilinifaa, sikusahau tena kuchungulia chupa. Nilisahau kuchungulia kitu kingine.

Wakati huo tulikuwa tunagawa vipima mvua kwa wakulima wa kujitolea. Kituo kimoja mjini hakiwezi kujua kilichonyesha Zuzu hapo jirani, sembuse Gulwe kule mbali. Kwenye kijiji kimoja cha pembeni mwa Mlali wanakijiji walimchagua Daudi Ndahani, Mgogo wa makamo, mzee wa kanisa, mtu asiyezungumza mpaka aulizwe mara mbili. Alijua kusoma na kuandika vizuri. Watu walikusanyika kuona chombo kinasimikwa uwanjani kwake, na wasiwasi ulikuwa mwingi. Mama mmoja akauliza kama chombo hakitazivuta mvua zote ziangukie kwa Ndahani. Nikawatania kwamba kama kingekuwa na uwezo huo, sisi Warangi tungekuwa tumeshakipeleka Kondoa zamani. Wakacheka, lakini bado walikuwa wananitazama kwa pembeni.

Basi nikataka kuwavuta. Niliacha maneno ya kazini, nikasema kwa lugha ya shamba. Nilimwambia Ndahani mbele ya wote, "Tunachotaka kujua ni maji ambayo shamba lako limekunywa. Hayo ndiyo uyaandike, kila siku saa tatu asubuhi."

Akauliza, "Hayo tu?"

"Hayo tu, kaka."

Watu wakaridhika, tukala ugali wa uwele na mlenda, nikarudi Dodoma nikijisifu moyoni kwa kujua kuongea na watu. Fomu za Ndahani zikaanza kuja kila mwezi, hazichelewi, mwandiko umenyooka, hakuna hata mfuto mmoja. Nilizitumia kuwaonyesha wengine namna ya kujaza. Kila fomu ilikuwa na safu ya tarakimu, na kando yake safu pana ya maelezo. Kazi yangu ilikuwa kunakili tarakimu kwenye daftari kubwa. Safu ya maelezo haikuwa na mahali pa kunakiliwa, kwa hiyo sikuisoma. Nasema hivi wazi, sikuisoma kwa miaka mingi.

Katika miaka hiyo mvua zilibadilika tabia. Pale kituoni niliona mwezi unafikisha kiasi chake cha kawaida, lakini umekifikisha kwa siku chache, na siku nyingine zote ni jua. Mvua ya kunyesha polepole tangu alfajiri hadi adhuhuri, ile ambayo mama anaanika nguo na kuzianua mara tatu, ikawa ya kuhesabika. Badala yake unaona wingu limesimama wima mchana, upepo wa baridi unashuka, kisha maji yanamwagika kwa nusu saa, na jioni vumbi linaanza tena. Fomu za Ndahani zilikuwa na sifuri kwenye baadhi ya siku za namna hiyo. Hazikunishtua. Mvua za radi huruka, inaweza kunyesha huku na mtaa wa pili usipate tone.

Kati ya nyumba za kijiji kile na zahanati kuna korongo, kavu karibu mwaka mzima. Likaja jambo jema, wakajengewa kivuko, na waliochora walikuja kwetu kuomba takwimu za mvua za eneo lile. Nilizitoa mimi, kwa fahari, nikiwasifia uaminifu wa mwandishi wake. Kwa tarakimu zile kivuko kikawekewa makalavati mawili, yale mabomba mapana ya kupitishia maji chini ya njia. Yalitosha msimu wa kwanza. Msimu wa pili mvua ya mchana mmoja iliyafunika, ikachimba pembeni, na kivuko kikaondoka na udongo wake. Hadi msimu ulipoisha watu wa ng'ambo hawakuwa na njia ya zahanati kila korongo lilipojaa. Mwanamke mmoja alijifungulia ukingoni, amezungushiwa kanga na wenzake. Mtoto alipona. Mama yake aliumwa kwa muda mrefu.

Ukaitishwa mkutano wa kijiji, nami nikaitwa. Injinia aliyetumwa kutazama uharibifu alikuwa kijana mpole, hakuja kugombana na mtu. Alisema tu kwamba wenyeji wanakumbuka mafuriko ya korongo siku kadhaa, na kwenye takwimu siku hizo zimeandikwa sifuri. Akazisoma moja moja. Minong'ono ikaanza. Mwenyekiti akamuuliza Ndahani kama siku hizo alikuwepo. Akasema alikuwepo. Akaulizwa kama mvua ilinyesha. Akasema ilinyesha.

"Sasa maji ya kwenye chombo uliyapeleka wapi?"

"Niliyamwaga," akasema. "Shamba halikuyanywa. Nilikuwa nachimba kwa jembe kila mara, chini ya kidole kimoja nakuta pakavu. Yote yalikimbilia korongoni."

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wageni, na maneno yangu yote ya siku ile yakanirudia, mpaka harufu ya mlenda. Watu walikuwa wanapiga kelele kwamba mtu mzima anaandika uongo na kuiponza zahanati yao. Ndahani akanitazama. Hakunitazama kwa kunishtaki, alikuwa anangoja nimsaidie. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili kustaafu, na pembeni yangu alikaa mkubwa wangu wa kazi. Nikainamisha uso nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Ndahani akasubiri kidogo, kisha akasema, "Nimekosea mimi," akakaa. Chombo kikang'olewa uwanjani kwake siku hiyohiyo, nikakipakia kwenye gari.

Wanangu, nimefanya makosa mengi kazini na mengi nimeyacheka. Hili sijawahi kulicheka. Mtu mmoja alikuwa na kitu kimoja ambacho kijiji kizima kilikijua, kwamba Ndahani hasemi uongo, na mimi nilikiacha kikanyang'anywa mbele ya macho yangu kwa sababu ya woga. Nilisikia baadaye kwamba ameacha kusoma masomo kanisani. Hakuna aliyemkataza, ila mara ya mwisho aliposimama kusoma, mtu wa nyuma alikohoa kwa makusudi, na alipomaliza hakurudi tena pale mbele.

Nilizitoa fomu zake kabatini, nadhani nilikuwa natafuta kosa lingine la kunipunguzia langu. Ndipo kwa mara ya kwanza nikaisoma safu ya maelezo. Kwenye kila sifuri ya mvua kubwa aliandika. "Maji yamepita juu, nimechimba, chini pakavu. Korongo limefika kwenye mizizi ya mkuyu." Kwingine, "Mvua ya muda wa kuchemsha mboga. Korongo limefunika jiwe jeupe." Kwingine, "Nusu saa. Maji yameingia shambani kwa mama mkwe, mkuyu umezama hadi tawi la kwanza." Na kwenye mvua za polepole aliandika milimita zake, kisha, "Nimechimba, udongo umelowa hadi kiwiko." Alikuwa ameandika kila kitu. Mafuriko yote ya korongo lile yalikaa kabatini kwangu, sentimita chache kulia kwa mahali nilipokuwa natazama.

Mjue na ubaya wa upande wake pia, sitaki mumfanye malaika. Kumwaga maji bila kuyapima kuliharibu kumbukumbu ambayo haitarudi, na angeweza kuuliza. Lakini aliyesikia agizo mbele ya kijiji kizima, akauliza "Hayo tu?" na kujibiwa "Hayo tu," ameshauliza. Nami sikupita kumkagua zaidi ya kuhesabu fomu.

Nilikwenda kwake wiki ile. Nilimkuta shambani na mkewe, Mama Neema, wanapalilia karanga. Nilimwamkia kwa Kigogo changu cha kuombea maji, mbukwenyi, akaitikia vizuri, akaniletea kigoda. Nikamwambia yote. Nikamwambia kosa ni langu mara mbili, kwa nilivyomwagiza na kwa nilivyomnyamazia, nikamwomba msamaha huku nalia. Mama Neema aliendelea kupalilia akiwa ametupa mgongo.

Ndahani akasema, "Mama, mimi nimekusamehe tangu ukiwa njiani. Lakini umeniambia mimi peke yangu, na wale waliosikia kosa langu walikuwa wengi."

Mama Neema ndiye aliyeinuka, akanitazama kwa mara ya kwanza, akaniuliza kama nitakunywa maji.

Kurudi Dodoma nilimweleza mkubwa wangu. Aliniambia kuna namna ya kuliandika jambo lile kwenye ripoti bila kumtaja mtu. Nikamjibu kwamba Ndahani ametajwa. Nilijua huenda nikapewa barua ya onyo, na kweli nilipewa, ipo nyumbani, mkija nitawaonyesha. Nikamwomba mwenyekiti aitishe mkutano mwingine, na injinia naye aitwe.

Walikuja wengi kuliko mara ya kwanza. Nilisimama, nikawakumbusha siku ya kusimika chombo, na yule mama aliyeogopa mvua kuvutwa alikuwepo, akasema ndiyo, anakumbuka. Nikarudia agizo langu neno kwa neno. Nikasema, "Ndahani aliandika nilichomwagiza. Aliyekosea ni mimi, na siku ile nilinyamaza kwa woga." Kisha nikasoma safu ya maelezo, fomu moja baada ya nyingine. Nilipofika kwenye mkuyu uliozama hadi tawi la kwanza, mama mkwe wake akasema kwa sauti kwamba hiyo ndiyo siku kuku wake walipochukuliwa na maji. Wengine nao wakaanza kukumbuka. Injinia alikuwa ameacha kuandika. Aliniomba zile fomu, akamwendea Ndahani, akamwambia, "Mzee, nipeleke nikauone huo mkuyu."

Wakaenda, na nusu ya mkutano nyuma yao. Ndahani akaonyesha mizizi, jiwe jeupe, tawi la kwanza. Injinia akapima urefu wa kila alama na upana wa korongo, akaandika yote, na mara mbili nilimsikia akimuuliza, "Una uhakika?" na mara zote mbili wanakijiji wakajibu badala yake kwamba Ndahani hasemi uongo. Hapo ndipo nilipogeuka nikalia vizuri, upande wa pili wa mti, mahali ambapo Mama Neema peke yake aliniona.

Daraja lililojengwa halina makalavati. Lina nguzo, na uwazi mpana ambao mgeni akilipita wakati wa kiangazi huuliza ni la nini lote hilo.

Sasa narudi kwako, Rehema. Zile dhoruba za Ulaya na wingu letu la mchana vinatuuliza swali moja: nguvu imekwenda wapi. Jumla ya maji ya mwezi haitakujibu, kwa maana mvua ya kulowesha hadi kiwiko na mvua ya kuzamisha mkuyu zinaweza kuwa na milimita sawa. Mashine zenu mpya zinapima mvua kila dakika, na hilo ni jambo kubwa, nalionea wivu. Ila hakuna mashine inayochimba shamba kwa jembe kuangalia chini. Tafuteni mtu wa kufanya hivyo, mpeni agizo lililonyooka, kisha msome anachowaandikia, chote.

Chombo tulikirudisha uwanjani kwa Ndahani kabla sijastaafu, akakipokea bila sherehe. Nilimpa agizo upya, safari hii nikiwa nimeliandika: apime maji yote yaliyomo, awe ameyapenda au hakuyapenda. Siku yangu ya mwisho kazini fomu yake ilikuwa mezani, kama kawaida haijachelewa. Mwezi ule kulikuwa na mvua moja kubwa sana, na safari hii ilikuwa na tarakimu yake. Niliinakili kwenye daftari kubwa, nikahamisha kidole kwenda kulia. Alikuwa ameandika, "Nimepima yote. Shamba limekunywa kidole kimoja. Mkuyu umefika tawi la pili, daraja lipo, watu wamepita. Mama, najua umesoma."